Goti ya chuma: wakati maumivu hayaishi nyuma ya kupasuliwa

Kuna wakaaji wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika ambao magoti yao yaliharibika hata wakashindwa kufika sokoni ao kanisani. Wenye uwezo wanafunga safari: Kigali, Kampala, Nairobi, wengine hata India, kwa kuwekewa goti mupya. Jamaa inachanga, kuna wanaouzisha kiwanja ao ngombe. Mugonjwa anarudi na mabekiyi yake, majirani wanakuja kumupa pole, na kila mutu anangojea aanze kutembea sawa zamani.

Kwa wengi mambo inaenda vizuri. Lakini kwa wengine miezi inapita, kidonda kimekauka, na maumivu iko palepale. Hapo maswali inaanza: munganga alikosea? Ile chuma ni mbovu? Kuna mutu alifanya kitu? Makala hii inaeleza kinachojulikana juu ya maumivu hayo: ni gani ya kawaida, ni gani ya hatari, sababu zake, na namna mugonjwa anaweza kuishi nayo hapa kwetu, mbali na munganga aliyemupasua.

Goti ya chuma ni nini?

Watu wengi wanafikiri wanganga wanakata goti yote na kuweka ingine. Haiko vile. Wanaondoa tu sehemu ya juu-juu iliyoharibika, pale mufupa wa paja unapokutana na mufupa wa muundi. Mufupa wa paja unavalishwa kofia ya chuma, zaidi sana mchanganyiko wa kobalti na kromu. Mufupa wa muundi unawekewa sahani ya chuma, mara nyingi titani. Katikati wanaweka plastiki ngumu kusudi chuma zisisuguane. Wakati mwingine kifuniko cha goti nacho kinawekewa plastiki upande wa ndani. Mara nyingi vyote vinashikishwa na simenti ya pekee ya wanganga. Kobalti hiyo ni ile aina ya madini inayochimbwa Lualaba. Congo ndiyo nchi inayotoa kobalti nyingi zaidi duniani.

Kazi hii ina historia ndefu. Mwaka wa 1890, kule Berlin, munganga Themistocles Gluck aliweka magoti ya pembe ya tembo kwa wagonjwa ambao kifua kikuu kilikuwa kimekula viungo vyao. Haikudumu, kwa sababu mikrobe ilibaki ndani. Goti inayofanana na zile za leo ilitoka New York katika miaka ya 1970, kwa kazi ya John Insall na wenzake.

Goti za sasa zinadumu. Uchunguzi uliotoka mwaka wa 2019 katika gazeti la wanganga la The Lancet ulionyesha kama magoti 82 kwa 100 yanakuwa bado ndani ya mwili nyuma ya miaka 25. Lakini goti kudumu ni neno moja, na mutu kuishi bila maumivu ni neno lingine. Mugonjwa anaweza kuwa na protezi iliyokaa vizuri kabisa kwenye picha, na bado usiku hapati usingizi.

Hauko peke yako

Hili ni neno ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi mbele ya kupasuliwa. Mwaka wa 2012, watafiti wa Bristol, Uingereza, walikusanya uchunguzi mbalimbali juu ya watu waliowekewa goti. Walikuta kati ya watu 10 na 34 kwa kila 100 walibaki na maumivu ya maana kwa muda mrefu. Kwa nyonga, hesabu ilikuwa kati ya 7 na 23. Tukitafuta hesabu ya katikati, wanganga wengi wanasema hivi: kati ya watu watano waliowekewa goti, mumoja anabaki na maumivu ao hatosheki na matokeo.

Hesabu hizo ni za inchi zenye hospitali kubwa, kinezi kila wiki, na dawa zote. Kwa hiyo mutu wa Uvira ao Beni anayeumia nyuma ya kupasuliwa asijione kama ni yeye tu bahati ilimukimbia, wala asikubali kuambiwa kwamba anajifanya. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeandika maumivu ya namna hii katika orodha yake ya magonjwa: maumivu inayoendelea kupita miezi mitatu nyuma ya kupasuliwa inahesabiwa kama ugonjwa wenyewe.

Nini ni ya kawaida, na kwa muda gani?

Goti mupya inaomba uvumilivu. Wiki sita za kwanza ndizo ngumu: kuvimba, kuumia usiku, muguu kuwa muzito sawa mti. Kwenye mwezi wa tatu, mugonjwa anapaswa kuona tofauti, hata kama bado hajapona. Maendeleo inaweza kuendelea mpaka mwaka mumoja. Haya yafuatayo hayapashwi kukutisha kama inapunguka pole pole:

- Goti kuwa na joto kidogo kupita ingine, kwa miezi mitatu mpaka sita.
- Kuvimba jioni nyuma ya kutembea ao kusimama sana, na kupunguka asubuhi.
- Ngozi kufa ganzi upande wa inje wa kovu. Mishipa midogo ya fahamu inakatwa wakati wa kupasua. Pengine inarudi, pengine sehemu kidogo inabaki vile siku zote.
- Sauti ya "ka-ka" wakati wa kutembea. Ni chuma na plastiki zinazogusana.
- Goti kukakamaa nyuma ya kuikala muda mrefu, kisha kufunguka nyuma ya hatua chache.

Jambo la kuangalia ni njia ambayo maumivu inafwata. Kama mwezi huu ni afazali kuliko mwezi uliopita, uko kwenye njia nzuri. Kama ilikuwa imepunguka kisha ikarudi na nguvu, ao kama haijapunguka hata kidogo tangu siku ya kwanza, kuna sababu inayopaswa kutafutwa.

Alama za hatari: usingoje kesho

Kuna mambo ambayo mugonjwa hapashwi kuyavumilia nyumbani ao kuyapelekea tu farmasi ya karibu. Nenda hospitali siku ileile kama:

- Kovu linatoa usaha ao maji, ao linafunguka.
- Goti inavimba na kuwa nyekundu ao moto sana, pamoja na homa na kutetemeka.
- Kipande cha nyuma cha muguu, chini ya goti, kinavimba na kuuma, zaidi sana upande mumoja. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mushipa.
- Pumzi inakata kwa gafula, kifua kinauma, ao unakohoa damu. Damu iliyoganda inaweza kupanda mpaka kwenye mapafu, na hiyo inaua.
- Ulianguka, na sasa hauwezi kukanyaga ao kunyosha muguu.
- Muguu umekuwa baridi, umepauka, ao vidole havisikii tena.

Ukifika, kwanza sema: "Niko na goti ya chuma." Infirmiye ao munganga asiyejua hilo anaweza kukupima malaria, akakupa dawa na kukurudisha nyumbani.

Maumivu inatoka wapi?

Munganga anayejua kazi anagawanya sababu katika mafungu mbili: zile za ndani ya goti, na zile za inje ya goti.

*Mikrobe.* Hii ndiyo ya kwanza kutafutwa. Katika hospitali zenye vifaa vizuri, kama mutu 1 ao 2 kwa kila 100 wanapata mikrobe kwenye protezi. Inaweza kuja wiki za kwanza, lakini inaweza kuja hata nyuma ya miaka mingi, ikipita kwa damu kutoka jino lililooza, kidonda cha muguu ao ugonjwa wa mukojo. Wakati mwingine hakuna homa wala usaha. Kuna tu maumivu isiyotulia, hata ukilala. Chuma haina damu inayopita ndani yake, njo maana mikrobe ikishajishika pale, vinini peke yake haviitoshi kuiondoa.

*Protezi kulegea.* Simenti inaachana na mufupa. Maumivu inakuja wakati wa kukanyaga, zaidi sana hatua za kwanza ukisimama, na inapunguka ukipumuzika.

*Goti isiyotulia.* Nyuzi zinazoshikanisha mifupa hazikazi vizuri. Mugonjwa anasikia goti inataka kumutupa chini wakati wa kushuka ngazi ao mutelemko.

*Goti iliyokakamaa.* Ndani kunajaa kovu nyingi, na goti haikunjiki. Kwa kuikala kwenye kiti na kusimama vizuri, unahitaji kukunja karibu digri 90 ao kupita, ni kusema muguu ufanye pembe sawa ya meza. Kama kwenye wiki ya sita bado uko mbali na hapo, usikae kimya. Wanganga wanaweza kukulaza usingizi na kukunja goti kwa mikono yao, lakini hiyo inafanya kazi zaidi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Nyuma ya hapo kovu linakuwa ngumu.

*Kifuniko cha goti.* Maumivu ya mbele, ukipanda ngazi ao ukisimama kutoka kiti cha chini.

*Mishipa ya fahamu.* Maumivu inachoma sawa moto, sawa umeme ao sawa pilipili, na hata nguo ikigusa ngozi inauma. Vinini vya kawaida vya maumivu havisaidii sana hapa. Kuna dawa zingine. Kama muguu unabadilisha rangi, unatoa jasho ya ajabu na hauvumilii kuguswa, mwambie munganga mapema.

*Nyonga na mugongo.* Hii inasahauliwa mara nyingi. Nyonga iliyoharibika inaweza kuleta maumivu kwenye goti, na mushipa uliobanwa mugongoni vilevile. Kuna watu waliopasuliwa goti kumbe shida ilikuwa nyonga. Kwa vijana wenye ugonjwa wa damu wa SS, nyonga ipimwe siku zote, kwa sababu ugonjwa huo unaua mufupa pale.

*Mwili uliozoea maumivu.* Mutu aliyeumia miaka kumi mbele ya kupasuliwa, ubongo na mishipa yake vimekuwa sawa redio iliyofungiwa sauti ya juu. Hata goti ikitengenezwa, sauti haishuki mara moja. Hii ni maumivu ya kweli, haiko mawazo. Watu waliokuwa na maumivu makali mbele ya operasio, wanaoumia sehemu nyingi za mwili, ao wenye huzuni nzito, ndio wanaokuwa na hatari zaidi.

Eksameni gani zinasaidia?

Mwanzo ni masikio na mikono ya munganga: aulize maumivu ilianza lini, inakuja wakati gani, kisha apime goti, nyonga na mugongo. Nyuma ya hapo:

- *Radiografi* ya goti, ukiwa umesimama kama inawezekana. Munganga anailinganisha na ile uliyopigwa mara tu nyuma ya operasio. Njo maana picha ya kwanza usiitupe.
- *Eksameni za damu*: VS na CRP. Labo nyingi za Goma, Bukavu ao Bunia zinazifanya. Zinaonyesha kama kuna moto ndani ya mwili. Wiki chache za kwanza nyuma ya kupasuliwa zinakuwa juu bila mikrobe, kwa hiyo lazima zisomwe na munganga anayejua siku ya operasio.
- *Kuchota maji ya goti* kwa kutafuta mikrobe. Ifanywe tu pahali safi kabisa, na munganga wa mifupa, kwa sababu shindano yenyewe inaweza kuingiza mikrobe.

Kuna kitabu kidogo ambacho kila mugonjwa anapaswa kuwa nacho, hata ni daftari ya shule: jina la protezi na ukubwa wake (hospitali nyingi zinabandika vibandiko vyake kwenye karatasi), upande, siku ya operasio, jina la munganga, dawa ulizopewa. Piga picha za karatasi zote na simu, kisha umutumie mutoto ao ndugu mumoja. Ukihama gafula, karatasi inaweza kupotea lakini picha inabaki. Na kama munganga aliyekupasua yuko mbali, radiografi iliyopigwa picha vizuri na kutumwa kwa WhatsApp inaweza kukuepusha na safari ya mpaka.

Mambo inne yanayoharibu goti mupya

*1. Kununua antibiotiki peke yako.* Goti ikivimba, wengi wanakimbilia amoksisilini ao sipro ya farmasi. Ni hatari mara mbili. Kwanza haiponyeshi mikrobe iliyojishika kwenye chuma. Pili inaificha: eksameni ya maji ya goti inaweza kutoka safi wakati mikrobe iko. Kwa mugonjwa asiye na homa kali, wanganga wanapenda awe hajameza antibiotiki kwa wiki mbili hivi mbele ya kuchota. Lakini mutu mwenye homa na kutetemeka asihesabu siku. Aende hospitali, wao ndio wataamua.

*2. Kupigwa shindano ndani ya goti.* Shindano ya kortizoni iliyokuwa inakusaidia zamani, mbele ya operasio, sasa inaweza kuleta mikrobe kwenye protezi. Mutu yeyote anayetaka kuchoma goti ya chuma kwenye kituo cha afya ao nyumbani, umukataze.

*3. Chanjo za wembe.* Kwetu watu wengi wakiumwa viungo wanachanjwa na kupakwa dawa ya unga. Juu ya goti ya chuma, kila mukato ni mulango wa mikrobe. Pia mafuta yanayounguza ngozi, na maji ya moto sana kwenye sehemu iliyokufa ganzi: mutu anaungua bila kusikia. Dawa ya majani ya kunywa nayo iambiwe munganga, kwa sababu zingine zinapigana na dawa za hospitali, zaidi sana zile za kuzuia damu kuganda.

*4. Kulazimisha goti.* Kuna ndugu wanaoshika muguu na kuukunja kwa nguvu kusudi "ufunguke". Goti inavimba, mugonjwa anaogopa, anaacha mazoezi, na ugumu unazidi.

Dawa: zinasaidia, lakini zina mupaka

Parasetamoli ndiyo ya kwanza. Mutu mukubwa mwenye uzito wa kawaida na maini mazima asipite vinini 8 vya miligrama 500 kwa saa 24. Dozi zipishane saa nne ao sita. Angalia pia dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani, na mutu anajikuta anameza mara mbili.

Ibuprofeni na diklofenaki zinapunguza kuvimba, lakini zinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha tansio. Mutu mwenye kidonda cha tumbo, tansio, ugonjwa wa figo ao wa moyo asizichukue bila munganga. Kumeza diklofenaki kila siku mwaka muzima kwa sababu "inanisaidia" ni njia ya kupeleka figo kwenye kaburi pole pole.

Tramadoli inauzishwa kwa urahisi kwetu, hata kwa reja reja. Nyuma ya operasio, siku chache, ina kazi yake. Kwa maumivu ya miezi na miezi, mwili unaizoea, unaomba zaidi, na kuiacha inakuwa vita: kutetemeka, jasho, kukosa usingizi. Kama umeimeza kwa muda mrefu, usiikate siku moja; munganga akupunguzie hatua kwa hatua. Usiichanganye na pombe ao dawa za usingizi, pumzi inaweza kusimama.

Kwa maumivu ya kuchoma, ya mishipa ya fahamu, wanganga wanatumia dawa kama amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku. Usishangae wakikwambia kwamba ni dawa ya huzuni. Kwa dozi ndogo inatuliza mishipa. Inaombwa kwa ordonasi, na haimufai kila mutu, zaidi sana wazee na wenye ugonjwa wa moyo.

Barafu nayo ni dawa. Hata pahali umeme ni wa shida, wauza samaki na vinywaji wanakuwa nayo. Funga vipande ndani ya kitambaa, weka dakika 15 mpaka 20, mara tatu ao inne kwa siku. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi.

Mazoezi na kazi za nyumba

Kinezi ina uzito sawa na operasio yenyewe. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja, vyote vinajulikana kwa kazi ya kusaidia watu wenye shida za kutembea. Hospitali kubwa nyingi nazo zina kinezi. Kama uko mbali, enda hata mara chache tu, ujifunze mazoezi, kisha uyafanye nyumbani kila siku:

- Lala, nyosha muguu, kaza nyama ya paja ukisukuma goti chini kwenye mukeka. Hesabu mpaka tano, legeza. Mara kumi.
- Lala, vuta kisigino pole pole kuelekea matako, kisha nyosha. Weka mufuko wa plastiki chini ya kisigino kusudi kiteleze.
- Ukiwa umeikala, nyosha muguu mbele, ushikilie, urudishe.
- Simama na kuikala kwenye kiti cha juu, ukijishika kwenye meza, mara tano ao kumi.
- Tembea kila siku, pahali pa sawasawa, ukiongeza kidogo kidogo.

Kipimo ni hiki: kama nyuma ya mazoezi maumivu inazidi kidogo na kesho yake imerudi pale ilikuwa, uko sawa. Kama kesho yake goti imevimba na hauwezi kutembea, ulipitisha. Punguza nusu, lakini usiache. Watu wengi wanakosea hapa: siku nzuri wanafanya kazi yote, kisha wanalala siku tatu. Gawa kazi. Fua nguo nusu leo, nusu kesho.

*Choo.* Choo cha kuchuchumaa ndiyo shida kubwa kwa mwenye goti ya chuma. Seremala wa mutaa anaweza kukata tundu kwenye kiti cha mbao cha nguvu na kukiweka juu ya shimo. Weka na fimbo ya kujishika ukutani. Ni feza kidogo, na inaokoa heshima ya mutu.

*Kupika.* Acha kibao kidogo cha chini. Pandisha mbabula juu ya matofali ao meza ya udongo, upike ukiwa kwenye kiti cha juu.

*Sala.* Kupiga magoti haiharibu protezi, lakini wengi wanaumia ao hawasikii vizuri pale kovu liko. Kinezi anaweza kukufundisha kuanza na muto laini. Kama haiwezekani, sali ukiwa umeikala. Kanisani na muskitini, mugonjwa anaruhusiwa.

*Shamba na muzigo.* Kubeba muzigo wa mugongo na kamba kwenye kichwa, kupanda mulima wa Bukavu nao, hiyo goti ya chuma haikutengenezwa kwa hiyo. Jembe lenye mupini mrefu linasaidia. Kuruka na kukimbia kwenye mawe ya Goma, achana nayo.

*Moto.* Pandia pahali pa juu, sawa kwenye bordi ya barabara, na umwambie mwenye moto azime kwanza. Kwa safari ndefu ya gari, omba kusimama kila saa na kutembea kidogo, kusudi damu isigande.

Maneno ya watu, na moyo wa mugonjwa

Mutu anayeumia mwaka muzima nyuma ya kutumia feza za jamaa anabeba muzigo mbili: maumivu, na haya. Anasikia wakisema: "Tuliuzisha ngombe, na bado analia." Anaanza kujificha, halali, anakasirika, anakosa hamu ya kula. Huzuni hiyo nayo inapandisha sauti ya maumivu. Kuongea na mutu wa kusaidia kisaikolojia haiko alama ya wazimu. Ni sehemu ya matunzo.

Na kuna neno lingine ambalo tunapaswa kulisema wazi. Katika mitaa yetu, ugonjwa usioisha unatafutiwa haraka mukosaji: ni karuho, ni jirani, ni mama mukwe. Watu wamepigwa na kufukuzwa kwa sababu ya maneno kama hayo. Maumivu nyuma ya goti ya chuma inajulikana duniani kote, hata pale hakuna anayesema karuho. Mbele ya kumunyoshea mutu kidole, tafuta kwanza radiografi, VS na CRP.

Kupasuliwa tena?

Kama sababu imeonekana (mikrobe, protezi iliyolegea, goti isiyotulia), kupasua tena kunaweza kusaidia. Mikrobe ikiwa ya siku chache, wanganga wanaweza kufungua, kusafisha na kubadilisha plastiki. Ikiwa ya zamani, mara nyingi wanaondoa chuma, wanaweka simenti yenye antibiotiki kwa wiki kazaa, kisha wanaweka protezi ingine. Ni kazi nzito na ya bei.

Lakini kama hakuna sababu iliyoonekana, kufungua goti "kusudi tuone" mara nyingi hakupunguzi maumivu, na kunaweza kuizidisha. Munganga akikwambia turudie, muulize: "Mumeona nini?" Asipokuwa na jibu wazi, tafuta munganga wa pili mbele ya kuuzisha kitu kingine.

Uzuri ni kwamba kutunza mapema kunasaidia. Kule Uingereza na Wales, watafiti walifwata wagonjwa 363 waliokuwa bado na maumivu miezi mitatu nyuma ya kuwekewa goti. Wale waliopimwa vizuri na mutu mwenye kujua, akawaelekeza kwa kinezi, dawa ao munganga kulingana na sababu, na kuwapigia simu nyuma ya hapo, walikuwa na maumivu kidogo kuliko wenzao nyuma ya mwaka mumoja. Matokeo yalitoka mwaka wa 2022. Hakukuwa mashini ya ajabu pale. Kilichosaidia ni kusikilizwa, kupimwa na kufwatiwa.

Kama haujapasuliwa bado

Uliza maneno haya mbele ya kulipa:

- Goti yangu imeharibika kiasi gani kwenye picha? Nyonga na mugongo vimepimwa?
- Nimejaribu kweli kinezi, kupunguza uzito, na fimbo ya kutembea?
- Kwa hospitali hii, nani atanifwata nikirudi Congo? Kwa namba gani ya simu?
- Kinezi ya wiki sita za kwanza nitaifanyia wapi, na kwa bei gani?
- Nikipata mikrobe, nani atalipa safari ya kurudi?

Meno yaliyooza, vidonda vya ngozi na sukari ya damu vitengenezwe mbele ya safari. Na katika bajeti ya jamaa, feza ya kinezi na ya kurudi kwa kontrole iwekwe pembeni tangu mwanzo. Operasio bila matunzo ya nyuma ni sawa kujenga nyumba bila mabati.

Kwa ufupi

Maumivu inayopunguka mwezi kwa mwezi, ivumilie na mazoezi. Maumivu iliyopita miezi mitatu bila kupunguka, itafutiwe sababu. Maumivu inayokuja na homa, usaha, muguu kuvimba ao pumzi kukata, ni hospitali leo. Na kwa jamaa: mugonjwa anayesema goti inauma, mwamini, mumupeleke akapimwe.

Makala hii haichukui nafasi ya munganga. Inakusaidia tu kufika kwake na maneno ya kweli mkononi.